Kipimo cha Kesho

Haya yalimkuta shemeji yangu, mume wa dada, mtu asiyejua kutia chumvi hata kwenye mboga.

Kazi yake ni kupima anga ya juu. Mtambo hurusha mawimbi ya redio, tabaka la hewa yenye umeme huko juu huyarudisha, naye husoma yamerudi kutoka kilomita ngapi. Chumbani hukaa wawili: yeye na fundi tunayemwita Kasuku, maana mdomo wake hauna likizo.

Siku hiyo walikuwa wameshaarifiwa kwamba kumetokea mlipuko kwenye uso wa jua. Adhuhuri ikaja na mvua ya radi. Tabaka likapigwa toka juu na toka chini. Mtambo ukarusha mawimbi, lakini hakikurudi kitu. Redio za masafa marefu zikafa zote. Kasuku akachukua redio ya mkononi, ile isiyotegemea anga, akapanda kilimani nyuma ya kituo kukagua mlingoti wa antena.

Baada ya nusu saa akarudi, akaketi mbele ya mtambo bila neno. Shemeji akamuuliza hali ya mlingoti. Hakujibiwa. Akadhani mwenzake amenuna. Kisha akaanza kumshuku: huenda kaharibu kitu huko juu, anaficha. Akawa anamtupia jicho la pembeni. Nje mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo.

Shati la Kasuku lilikuwa kavu.

Redio ya mezani kando ya dirisha, pacha wa ile ya mkononi, ikakoroma. Shemeji akaiendea.

"Kaka, nimeanguka. Mguu umevunjika. Njoo na dereva."

Sauti ya Kasuku.

Shemeji hakugeuka. Hakuthubutu. Akabonyeza kitufe, akanong'ona, "Uko wapi?"

"Chini ya mlingoti. Mbona unanong'ona? Uko na nani?"

Nyuma yake kiti kikalia. Hatua moja. Ya pili.

"Usimjibu," akaambiwa sikioni.

Alitoka mbio, hakufunga hata mlango. Yeye na dereva walimkuta Kasuku kilimani, amelowa chapachapa, mguu umepinda, yu hai.

Jioni, chumba kilikuwa kitupu. Daftari la vipimo lilikuwa wazi. Chini ya tarehe ya kesho kulikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wa Kasuku: saa tatu asubuhi, kilomita mia mbili arobaini na saba.

Kesho yake mtambo haukupokea kitu tangu alfajiri. Ilipotimu saa tatu, tabaka likajibu.

Mia mbili arobaini na saba.