Gari la Mkate Chini ya Bwawa

Wifi yangu Zdravka yuko ofisini kwenye kiwanda cha mikate ambako mume wangu, Ognyan, ni dereva. Kazi ya Zdravka ni kupunguza kumbukumbu za safari za magari, ile mistari kwenye ramani, zisijaze kompyuta. Barabara inyookapo, anafuta; anabakiza kona na vituo tu. Vituo vifupi navyo huvifuta.

Asubuhi hiyo nilimpelekea banitsa, andazi la jibini, ya moto, mtoto mgongoni. Kumbukumbu za wiki hiyo alikuwa hajazipunguza.

"Wifi, njoo uone kaka yangu anavyozurura."

Kwenye skrini, kila siku gari la Ognyan lilisimama kidogo kando ya bwawa. Kisha likakata kona, likaingia majini.

"Ramani ya zamani tu," alicheka. "Kile kijiji kilichozamishwa bwawa lilipojengwa bado kimo." Akaifuta barabara ile kwenye ramani.

Mstari ukabaki pale pale. Kila siku ulisogea nyumba moja ya kijiji mbele. Jana ulikuwa umeishia makaburini.

Zdravka aliacha kutafuna.

Ognyan aliporudi nilimuuliza.

"Kuna bibi pale bwawani, nampa mkate," alisema. "Ati wafu wake hawaletewi."

Kwetu wafu hupelekewa mkate makaburini. Makaburi ya kwao bibi huyo yako chini ya maji. Huruma hiyo ndiyo niliyompendea Ognyan.

"Kesho ameniomba niufikishe mpaka kwake."

Viatu vyake vilikuwa vinachuruzika maji.

Kesho yake nilimwachia Zdravka mtoto, nikapanda gari na Ognyan. Kwenye ile kona akageuza usukani. Macho wazi. Hanioni. Maji yakagusa magurudumu.

Nikavuta breki ya mkono. Nikashuka. Maji magotini. Hakukuwa na mtu.

Nikarusha mikate yote bwawani.

"Mkate chukueni," nikasema. "Mume wangu simtoi."

Ikaelea. Kisha ikazama, mmoja mmoja, kama inayopokelewa.

Ognyan hapiti tena njia hiyo. Jumamosi gari hulala uani kwetu, limezimwa. Lakini Zdravka huona safari yake kwenye kompyuta. Inaanzia bwawani. Inakata kona zote sawasawa. Inaishia langoni petu.

"Niifute, wifi?" alininong'oneza.

"Iache. Nataka kujua kila wiki wale wafu wanaishia wapi."

Kila Jumamosi naweka mkate kwenye sahani nje ya lango, kisha nafunga komeo. Asubuhi mkate haupo. Sahani imejaa maji ya bwawa, mpaka ukingoni, na hakuna tone hata moja lililomwagika chini.