Tangi Lililoinama

Safari ya Mwaija na kaka yake Pazi iliharibikia Bagamoyo, mchana kweupe, walipokwisha kutua mizigo ya ufuta waliyoibeba kutoka Mkange. Ulikuwa mwaka mmoja kabla Wadachi, yaani Wajerumani, hawajapandisha bendera yao. Lango la ghala la tajiri wa mafuta walimoingia lilifungwa kwa nje, ndiyo desturi ya bwana yule: mchukuzi akiingia hufungiwa mpaka apekuliwe, asije akaiba kibaba cha mafuta. Hayo sisi wa Mkange hatujayasahau.

Ardhi ikanguruma, ikanesa. Paa la makuti likaporomoka. Tangi la chuma, refu kuliko watu watatu, lililojazwa mafuta ya ufuta mpaka karibu ya ukingo, likateleza juu ya mawe yake. Jiwe moja likamwangukia Pazi muundini, likambana mguu, na tangi likainama juu yake.

"Mikidadi!" Mwaija alimpigia kelele msimamizi. "Fungua, mtu anakufa!"

"Nifungue mtoke na mafuta? Nawajua nyie!" akajibu huko nje.

Tetemeko likarudi. Ndani ya tangi mafuta yalikwenda yakirudi, na kila yalipogonga upande wa Pazi, chuma kilivimba na misumari yake ikafyatuka kama risasi.

"Kimbia, mdogo wangu. Panda ukuta."

"Nyamaza, kaka. Mguu unausikia?"

"Ningekuwa siusikii, ningekuwa nacheka."

Mwaija alichota maji tangu utotoni, na kwao hakuna mwanamke abebaye mtungi kichwani bila kutandaza majani juu, maji yasichezecheze. Akakwapua makuti, akapanda ngazi ya tangi, akayatupa ndani fungu baada ya fungu. Mawimbi yakalegea. Hayakwisha, yalilegea tu.

Akashuka, akafungua bilula. Mafuta yakafoka, yakamfika vifundoni. Tangi likawa jepesi, likajirudi kidogo. Akachomeka mpiko wake wa kubebea chini ya jiwe.

"Vuta!"

"Ya Rabi!"

Mguu ukachomoka, damu na mafuta.

Ndipo mafuta yalipopenya chini ya lango. Komeo likalia! Mikidadi aliingia mbio, akapiga magoti, akayakumba kwa viganja. "Mafuta ya bwana! Mafuta ya bwana!"

Mwaija akamvua kilemba, akaufunga mguu wa kaka yake, akambeba mgongoni wakatoka.

Njia ya siku mbili waliikata kwa siku saba. Mkange waliulizwa mbona wamerudi mikono mitupu.

"Mitupu?" alisema Mwaija. "Nimerudi na Pazi."