Mlio wa Kukuziwa

Haya yalimpata rafiki yangu Alfred, na mpaka leo huyasimulia kwa sauti ya chini. Alikwenda kutazama ndege kwenye hifadhi ya kinamasi upande wa Kisanga, akiongozwa na dada aitwaye Mwanasha. Jioni walimsikia kukuziwa ndani ya matete, lakini hakuonekana. Alfred akatoa simu yenye mlio wa ndege huyo uliorekodiwa.

"Kaka, usimwite. Ana makinda," Mwanasha alimkataza.

Alfred akaupiga hivyo hivyo. Kukuziwa akatoka mbio kuufuata, na papo hapo mwewe akashuka kiotani. Makinda wakalia, kisha kukawa kimya.

Walirudi, Alfred akiwa nyuma, moyo ukimsuta. Giza lilikuwa limeshaingia. Akasikia maji yakikanyagwa taratibu ndani ya matete, sambamba naye, na mtu akikohoa. Akadhani ni bibi anayekata matete.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," sauti ya kike ikajibu, karibu kabisa.

Akamulika tochi. Hapakuwa na mtu. Matete hayakutikisika, na maji yalikuwa yametulia.

"Wanangu," sauti ikauliza, palepale penye mwanga, "umewaona walikokwenda?"