Mbuzi wa Koleta na Gari la Taka

Kila asubuhi Koleta alikamua mbuzi wake wawili, akachemsha maziwa, akampa mjukuu wake kikombe kimoja. Aliishi mtaa wa Migungani, pembeni mwa mji wa Same, ambako upepo wa tambarare hauna mchezo.

Kwa wiki saba gari la taka halikufika. Viroba vilirundikana kando ya barabara. Mbwa walivitoboa, upepo ukatawanya nailoni kila mahali.

Jumatatu moja mbuzi mkubwa aligoma kula. Tumbo lilimvimba. Jumatano akafa.

Jirani yake, Loth, alikuwa bwana mifugo kabla ya kustaafu. Alimpasua mbuzi hapo uani. Tumboni mlikuwa na bonge la nailoni, kubwa kama papai.

"Nailoni haisagiki," Loth alisema. "Inajaa tumboni, chakula kinakosa njia. Nyama hii msile. Tuifukie."

Koleta hakulia. Alilitia lile bonge kwenye ndoo, akafunika, akapanda bodaboda mpaka ofisi inayosimamia usafi wa mji.

Msimamizi alikuwa dada mmoja, Aneth.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

Koleta hakuitikia wala hakukaa. Aliitua ndoo juu ya meza, akafunua.

"Hii imetoka tumboni mwa mbuzi wangu. Gari lenu liko wapi?"

Aneth aliziba pua. "Mama, dereva ameandika kwamba anafika Migungani kila Jumanne. Ripoti hizi hapa."

"Basi hizo ripoti zije zizoe taka."

Aneth aliziweka ripoti kando. Akafungua kompyuta. Ramani ya mji ilitokea.

"Gari limefungwa kifaa," alisema. "Kinatuonyesha lilipo, muda huohuo. Na njia yote liliyopita inabaki hapa."

Alifungua Jumanne iliyopita. Mstari ulitoka sokoni, ukafika darajani, ukageuka kwenda dampo bila kuvuka kuja Migungani. Jumanne ya kabla yake, vilevile. Jumanne zote saba.

"Kifaa kina muda gani?" Koleta aliuliza.

"Miezi minne."

"Na hukuwahi kuangalia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nasoma ripoti tu. Kosa ni langu."

"Miezi minne ulikuwa na jicho, ukalifumba," Koleta alisema.

Aneth akamwita dereva, Daudi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Gari linajaa sokoni, mama. Nikifika darajani halina nafasi hata ya kiroba kimoja."

"Kwa nini hukuandika hivyo?" Aneth aliuliza.

"Niliogopa kuonekana mvivu."

"Mimi nimefiwa na mbuzi kwa sababu ya woga wako," Koleta alisema.

Aneth aligusa ramani kwa kidole.

"Tubadilishe njia. Jumanne gari lianzie Migungani likiwa tupu, ndipo liende sokoni. Likijaa, Daudi atume taarifa kwa simu, nami nitatuma trekta. Na kila jioni nitaangalia ramani mwenyewe."

Kisha akamgeukia Koleta. "Nanyi, mama, msitoe viroba usiku wa kuamkia Jumanne. Mbwa na upepo vinawahi. Gari likikaribia tutawatumia ujumbe. Hata simu ya kitochi inaupokea. Likiwapita, nipigie siku hiyohiyo. Usisubiri wiki saba."

"Nitapiga," Koleta alisema. "Hata mara kumi."

Jumanne iliyofuata simu yake ililia. Ujumbe ulisema gari limebakiza dakika kumi. Koleta alipita nyumba kwa nyumba akigonga milango, maana majirani wengi hawakuamini. Gari lilifika kweli. Lile rundo la zamani lililazimu safari tatu.

Mara moja gari lilichelewa. Koleta alipiga simu kabla hata chai haijachemka. Aneth aliangalia ramani, akaona limekwama, akatuma trekta saa hiyohiyo.

Baada ya miezi miwili kando ya barabara palikuwa safi. Loth hakuitwa tena kupasua mbuzi wa mtu. Yule mbuzi aliyebaki alizaa mapacha, na maziwa yakawatosha wanawe na mjukuu.

Jumanne moja Daudi alishuka kwenye gari.

"Mama, bado una hasira na mimi?"

"Ninayo," Koleta alijibu, akamkabidhi kiroba. "Shika huku. Hicho kina chupa zilizovunjika."