Suruali ya Baba wa Sinema

Siku ya kuchagua waigizaji, lango la uwanja lilifurika watu hadi pa kukanyaga pakakosekana. Fundi cherehani, msichana mwembamba mwenye gauni la maua na futi shingoni, alikuwa akipenya kwenda kuwapima nguo waliochaguliwa. Gongo la kutembelea la kijana mmoja likamtua juu ya kidole cha mguu.

"Pole, dada. Mguu wangu huu hauna adabu."

"Huo si mguu, ni gongo."

"Mguu wenyewe ungekuwepo ungekuomba radhi."

Fundi alicheka bila kutaka.

Watu walimwita yule kijana Winga. Alikuwa na mguu mmoja, mabega mapana na jezi ya kijani iliyopauka, kwa kuwa alicheza katika timu ya watu wa magongo. Siku hiyo alipewa sehemu ya baba katika filamu ya kuchekesha ya familia: baba wa mguu mmoja anayefundisha timu ya watoto mpaka wanachukua kombe. Alipokuwa akipimwa, alimwambia fundi kwamba umaarufu haumhusu. Alikuwa na binti mdogo asiye na mama, na binti huyo alikuwa amemwomba asifike tena kwenye lango la shule. Alitaka mwanawe amwone baba wa namna hiyo akishangiliwa kwenye skrini.

Mapenzi yakaingilia kwenye simu. Kila jioni Winga alipiga kuuliza kama uzi umeisha, na fundi alimjibu kuwa uzi upo, kilichoisha ni subira.

Kisha wenye fedha wakasema sura yake haijulikani. Sehemu akapewa mchekeshaji maarufu mwenye miguu yote miwili. Winga angebaki kumfundisha kutumia magongo, na kuanguka badala yake huku akipigwa picha kwa nyuma. Wa kwanza kuambiwa alikuwa fundi, maana ilibidi ashone suruali yenye mfuko kwa nyuma, mguu wa mchekeshaji ukunjwe na kufungwa humo. Alikata kitambaa machozi yakimtoka. Jioni Winga alipopiga, fundi alimwambia kila kitu ni shwari. Alijipa moyo kwamba mwongozaji mwenyewe atamweleza.

Kesho yake Winga alimkuta fundi amepiga magoti, anamfunga mchekeshaji mguu.

"Ulinipima kwa ajili ya huyu?"

"Hapana. Nimeambiwa jana tu."

"Jana tuliongea."

Fundi akarudi kwenye fundo alilokuwa akifunga.

Winga hakuacha kazi. Alianguka kwenye matope, akaanguka ngazini, akarudia mpaka mwongozaji akaridhika. Simu za fundi hakuzipokea tena.

Filamu ilipoonyeshwa, waliofanya kazi walipewa viti vya nyuma. Fundi alijikuta ameketi nyuma ya Winga na binti yake. Baba wa kwenye skrini alipoporomoka ngazini, ukumbi mzima ulishika mbavu. Mtoto hakucheka.

"Baba, huyo anayeanguka ni wewe."

"Umejuaje?"

"Nakujua mgongo." Akatazama kidogo. "Na huyu anayebebwa na watoto?"

"Huyo si mimi."

Mtoto akaomba waondoke. Fundi akawafuata hadi barazani, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Alieleza kwamba aliogopa kuwa yeye wa kumvunja moyo. Winga alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea ukuta.

"Nilishakusamehe," alisema. "Ila kila nikishika simu nikupigie, nakuona umepiga magoti pale. Naiweka chini."

"Itapita?"

"Sijui, mpenzi wangu. Nisikudanganye."

Alilitamka neno hilo kwa upole uleule wa zamani, na ndilo lililomuuma fundi kuliko yote. Mtoto akauliza huyu ni nani. Winga akajibu kuwa ndiye aliyeshona nguo za sinema. Fundi akainama, akampa mkono, na mtoto akaupokea.

"Ulimshonea baba, au yule mwingine?"

"Wote wawili," alisema fundi.

Mtoto akautoa mkono wake taratibu, akaenda kusimama upande wa baba yake usio na mguu.