Breka Iliyocheza Kama Jino

Asubuhi hiyo Kiherehere alikuwa ameshafagia nusu ya ua, ameosha nusu ya vyombo, na amefungua daftari la hesabu bila kuandika hata tarehe. Ndivyo alivyokuwa binti huyo wa miaka kumi na miwili. Miguu yake ilianza safari kabla kichwa hakijaambiwa.

Chumbani mama yake alikuwa akishona mashati ya kwaya. Wenyewe wangeyafuata saa kumi, na yalibaki manne tu. Mara cherehani ya umeme ikanyamaza katikati ya mshono.

"Breka tena!" Mama akajipiga paja.

Akaitwa Dada Fundi, jirani aliyesomea umeme. Alizima swichi kuu, akafungua boksi la ukutani, akatoa breka moja iliyoungua pembeni.

"Hii ndiyo inayokata umeme waya zikizidiwa," alisema. "Imeshachoka. Kiherehere, nenda nayo dukani, Mzee wa Vifaa ailinganishe na mpya. Jina la kiwanda, umbo, na namba. Namba ni..."

"Nimesikia, dada!" Mlango ukabamizwa.

Kufika dukani, akapapasa mfuko. Mtupu! Breka aliiacha mezani. Arudi? Jua lote lile?

"Ya zamani iko wapi, mjukuu wangu?" Mzee aliuliza.

"Tumeitupa, babu."

"Ilikuwa ya kiwanda gani?"

Akatupa macho kwenye rafu, akasoma jina la karibu. "Hiki hapa."

"Namba yake ni ishirini au thelathini na mbili?"

Kubwa ndiyo yenye nguvu, aliwaza. Haitatusumbua kwa kukatakata umeme. "Thelathini na mbili."

"Una hakika?"

"Kabisa, babu!" Alishajibu huku mguu mmoja uko nje.

Nyumbani, Dada Fundi aliipachika breka ile. Iliingia. Akaisukuma kwa kidole, ikayumba. "Mbona inacheza kama jino la mtoto?" Akaichomoa, akasoma namba, uso ukambadilika. "Thelathini na mbili! Waya hizi zinahitaji ya ishirini. Zingeungua humo ukutani, na hii imetulia tu, inatutazama."

"Mzee yule!" Mama alifoka. "Na ninavyomsifu! Leo atanitambua. Sinunui kwake tena, hata sindano!" Akabonyeza simu.

Kiherehere alikaa, akasimama, akakaa tena. Akinyamaza, nani atajua? Simu ikaanza kuita.

"Mama, kata!"

"Nikate nini?"

"Simu. Babu hana kosa. Aliniuliza kama nina hakika, nikamdanganya. Breka ya zamani iko pale, chini ya vitambaa."

Mama akainua vitambaa. Akaiona. Akatazama saa, ilikuwa saa nane kasorobo. "Mashati manne," alisema polepole, na maneno hayo mawili yakamchoma mtoto kuliko kofi.

Safari ya pili alikwenda na breka kiganjani, akaeleza kila kitu.

"Hata mimi nimekosa," Mzee alisema. "Niliona miguu yako inacheza ngoma, nikauza tu." Akaziweka breka mbili bega kwa bega, akazigeuza huku na huku, akasoma jina, akasoma namba. Kiherehere alitamani kumharakisha, akaung'ata ulimi.

Nyumbani, breka hii ya sasa iliingia kwa mlio mmoja, ta! Kidole kikaisukuma, isitikisike. Umeme ukawashwa, cherehani ikanguruma. Kifungo cha mwisho kilishonwa huku watu wa kwaya wakibisha hodi.

"Unajua," Dada Fundi alisema akifunga mkoba, "kazi ya breka ni kukata mapema, kabla nyumba haijaungua. Leo uliposema 'kata', uliifanya kazi hiyo. Lakini usirudie kusema una hakika na kitu ambacho hukukiangalia. Sema 'sijui, ngoja nikaangalie.' Hutapungukiwa na chochote, na watu watalala salama."

"Sawa, dada."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Na ule ua, umefagia?"

"Ndi..." Akachungulia nje. "Nusu, mama."

Akaenda kuchukua ufagio.