Doa Jeusi Kwenye Kisigino cha Lokuruka

Namuria ni mwanafunzi wangu wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma hapa Kakuma. Habari hii ni yake na ya mume wake, Lokuruka. Ameniruhusu niisimulie, ila amesema nisipambe chochote. Sawa, sipambi.

Nyumba yao iko karibu na laga ya Tarach, ule mto wa mchanga unaotiririka mvua ikinyesha tu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Lokuruka hufungua zizi na kuwatoa mbuzi. Siku ya soko huwaswaga wawili watatu hadi mjini, akawauzia wachinjaji. Namuria hupeleka makaa na maziwa kwenye kambi ya wakimbizi. Hawana mali nyingi. Lakini zamani ukimsalimu Lokuruka kwa lugha yao, "Ejok?" alikuwa anajibu kwa sauti kubwa, "Ejok-noi!" Yaani mzima kabisa. Mchungaji ambaye miguu yake inatembea hana cha kulalamikia.

Basi mguu wa kulia ukaanza kuleta maneno.

Kwenye kisigino, upande wa chini, palitokea doa jeusi. Lilikuwa dogo kama mbegu ya tikiti maji. Halikuuma wala kuwasha. Lokuruka aliligeuzageuza juani, akasema, "Mwiba."

Nani angembishia? Hapa kwetu miiba ni mingi kuliko majani. Kila mtu amewahi kuchomwa na mwiba ukakatikia ndani. Ukiona kitu cheusi kwenye wayo, unatafuta sindano tu.

Namuria alichokoa kwa sindano. Ikatoka damu, mwiba haukutoka. Wakamwita jirani yao Losike, ambaye anajulikana kwa kutoa miiba kwa kisu kidogo. Losike naye akachimba mpaka akatoka jasho.

"Hii mwiba imeenda ndani sana," akasema. "Iache iive, itatoka yenyewe."

Wakaiacha. Kiangazi kikapita, mvua kidogo ikanyesha, na doa likakua. Likawa kubwa kama kifuniko cha soda. Pembeni lilikuwa limepindapinda. Mahali pengine lilikuwa jeusi tititi, mahali pengine la kahawia. Kisha likaanza kutoa majimaji yenye damu.

Lokuruka akaanza kuvaa soksi ndani ya akala zake, vile viatu vya tairi. Soksi, jamani! Kwa joto la Kakuma, mtu anayevaa soksi ana siri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Lokuruka alikaza, na kila alipoulizwa alijibu kwamba ni mwiba tu.

Aliyefanya soksi hiyo ivuliwe ni Immaculée. Yeye ni mkimbizi kutoka Kongo, na majirani humwita Mama Hardy. Ni mhudumu wa afya katika kliniki moja ya kambini. Asubuhi moja Namuria hakuleta maziwa, kwa hiyo Immaculée akayafuata nyumbani. Akamkuta Lokuruka anavuka uwanja kwa ncha za vidole.

"Mama Ekeno," akamwambia Namuria, "bwana yako anatembea mubaya. Ana nini?"

"Mwiba."

"Mwiba wa tangu lini?"

Namuria akahesabu miezi kwa vidole. Halafu akasema polepole, "Tangu kabla ya mvua."

Immaculée aliweka chupa yake ya maziwa chini. Akamwendea Lokuruka na kumsalimu kwa heshima. "Baba Ekeno, naomba nione mguu wako. Sitagusa. Nitaangalia na macho tu."

Lokuruka akavua soksi, naye Immaculée akachukua muda kuangalia. Lokuruka alimtazama usoni, na uso ule haukumfurahisha.

"Baba, mimi si daktari," Immaculée akasema. "Lakini huu si mwiba. Alama ikikua, ikiwa na rangi mbili tatu, ikitoa damu, na ikikataa kupona zaidi ya mwezi, inafaa kuonwa na daktari. Na kuanzia leo asiichokoe mtu. Hakuna sindano, hakuna kisu."

Kliniki yake ya kambini haikukawia. Walimwandikia rufaa, na juma hilohilo Lokuruka na Namuria wakasafiri hadi hospitali ya Lodwar.

Daktari aliyewapokea aliitwa Nelly. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Aliangalia kisigino, akaangalia wayo wa pili, viganja na kucha zote. Akabonyeza kinena cha Lokuruka kutafuta uvimbe. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu nao.

"Mzee, sitakudanganya. Nashuku saratani ya ngozi. Nasema nashuku, kwa sababu kwa macho peke yake siwezi kujua."

Lokuruka alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Saratani ya ngozi? Hiyo si ni ya wazungu?"

"Hata sisi tunaipata, mzee. Kwa watu weusi mara nyingi inatokea kwenye wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha. Ndiyo maana tunachelewa kuiona. Nani huangalia wayo wake?"

"Nimelaaniwa?"

"Hapana. Si laana, na wala si ule mwiba. Ya wayo hata hailetwi na jua. Mara nyingi hatujui imetoka wapi. Tunachojua ni kwamba ikiwahiwa, inatibika."

Akawaeleza kipimo kinachoitwa biopsi. Angemdunga sindano ya ganzi, kisha akate kipande kidogo cha ngozi. Kipande hicho kingepelekwa maabara Eldoret, na mtaalamu angekitazama kwa darubini. Jibu lingechukua wiki tatu, pengine zaidi.

Namuria akakusanya ujasiri. "Daktari, watu wanasema kisu kikigusa saratani, inakimbia mwili wote."

"Nimelisikia sana hilo, mama, na si kweli. Kipimo hakiienezi. Inaenea tukiiacha hapo. Tena tukianza kutibu bila kupima, ni kama kuchimba kisima gizani."

Kipimo kilifanyika siku hiyohiyo. Lokuruka alisikia sindano, halafu hakusikia kitu. Daktari Nelly alifunga kidonda kwa bendeji na kuwaonya. Kidonda kiwe kikavu na safi. Simu isizimwe. Tarehe ya kurudi ikifika, warudi, hata kama hakuna aliyewapigia. Na mtu yeyote asitie dawa nyingine pale.

Wakarudi Kakuma kungoja.

Mimi nimeona njaa, nimeona ukame. Kungoja jibu kama lile ni kugumu vilevile. Lokuruka aliacha kula. Alikaa kivulini ametazama zizi. Siku moja akamwita Ekeno, mwanawe mkubwa, akaanza kumwonyesha mbuzi yupi ni wa nani. Namuria alielewa mara moja. Mume wake alikuwa anagawa urithi. Akaenda nyuma ya nyumba akalia, shuka mdomoni, watoto wasisikie.

Immaculée alimkuta huko. Hakumwambia anyamaze. Alikaa naye chini.

"Mimi nilipotoka Kongo, nilingoja habari za kaka yangu mwaka mzima," akasema. "Nilikuwa nimemzika kichwani mara mia. Minakuambia, dada, kungoja kunaua mtu kama anakaa pekee yake nako. Sema naye. Muulize anaogopa nini. Na umupe kazi ya mikono, hata ya kukaa chini. Mwanaume akiwa bure, mawazo yanamukula."

Jioni hiyo Namuria alimpa mumewe kamba za kusuka na kumwuliza. Kwanza Lokuruka alifoka. Kisha akasema, "Naogopa watanikata mguu. Mchungaji bila mguu ni nani? Afadhali nife na mguu wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Usiku huo alikula.

Lakini siku chache baadaye akafika Lotiir, kaka mkubwa wa Lokuruka, kutoka Lokitaung. Lotiir anampenda mdogo wake, hilo lazima niseme. Alikuja kumwokoa.

"Hospitali wamekata, wakakuacha na kidonda, halafu wanakwambia ngoja?" akasema. "Ungoje nini? Kaburi? Tangu zamani ugonjwa unaokataa tunauchoma. Dawa ya moto ni moto."

Akawasha moto, akalaza chuma juu ya makaa. Lokuruka alikuwa amechoka kungoja, na kichwa chake hakikuwa chake. Akatingisha kichwa kukubali, akaanza kufungua bendeji.

Chuma kilikuwa kimeanza kuwa chekundu Namuria alipofika na kuni kichwani. Aliona moto, aliona mguu ulio wazi, na kuni zikamwanguka. Sasa fahamu kwamba kwao mke hamgombezi kaka mkubwa wa mume wake. Ni aibu kubwa. Namuria alikwenda akapiga magoti, akaufunika mguu wa mumewe kwa viganja vyake viwili.

"Toka hapo," Lotiir akasema.

"Sitoki. Unataka kuchoma, nichome mimi kwanza."

"Mwanamke, nataka kumponya ndugu yangu!"

"Najua, shemeji. Najua unampenda. Lakini ukichoma, utachoma juu, na ugonjwa utabaki chini. Daktari akija kuangalia ataona nini? Majivu? Atajuaje kata hapa, usikate pale? Hapo ndipo mguu wote utaenda!"

Machozi yalimshuka. Lakini mikono yake haikuondoka. Lotiir aliinua chuma akakishika juu, uso umemvimba kwa hasira.

"Lotiir," Lokuruka akasema mwishowe. "Rudisha chuma."

"Unamsikiliza mwanamke?"

"Naogopa, kaka. Naogopa sana. Lakini nimeshauchimba mwiba ambao haukuwepo. Nimechokoa kwa sindano na kwa kisu, na nimekosea mara mbili. Sitakosea tena mara ya tatu. Kama unataka kunisaidia, chinja mbuzi. Waite wazee waniombee. Mguu usiguswe."

Lotiir alikitupa chuma mchangani. Lakini kesho yake alichinja mbuzi. Wazee wakaja, wakasoma matumbo ya yule mbuzi kutafuta dalili za mbele, wakambariki Lokuruka kwa sauti moja. Padri naye akaja akasali. Lokuruka alikula nyama, akalala vizuri. Bendeji ilibaki mahali pake, safi.

Jibu lilichelewa kidogo. Simu ilipolia, Daktari Nelly hakutaka kusema mengi. "Njoo na mama," akasema.

Katika chumba kilekile cha Lodwar, Lokuruka hakungoja salamu ziishe. "Nitakufa?"

"Sote tutakufa siku moja, mzee. Jibu ni saratani, nasikitika kukwambia. Lakini haijaenda ndani sana, na kwenye kinena sikuona uvimbe. Tukiikata sasa, nina matumaini mazuri."

"Utakata mguu?"

"Hapana. Nyama ya kisigino, na pembeni kidogo ili isibaki. Ngozi ya kuziba tutaitoa kwenye paja lako."

Namuria alijifunika uso. Lokuruka alivuta pumzi ndefu. "Unakata lini?"

"Juma lijalo."

"Kwa nini si leo?" akauliza, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

Alikatwa, na mguu ukabaki. Wiki nyingi hakukanyaga chini, na Ekeno ndiye aliyechunga. Sasa Lokuruka anatembea tena. Anachechemea, na haendi mbali kama zamani. Kila baada ya miezi mitatu anarudi Lodwar kuangaliwa, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi, na yeye anajua hivyo. Hofu haijaisha yote. Ila sasa kila mwezi, jua likiwa limetoka vizuri, familia nzima hukaa chini na kuangaliana nyayo, viganja na kucha, wakubwa kwa wadogo.

Juma lililopita nilikuwa kwao simu ilipolia. Alikuwa Lotiir. Lokuruka aliweka sauti ya wote kusikia. Lotiir aliuliza habari za mbuzi. Aliuliza kama mvua imenyesha. Aliuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Mwisho akafika kwenye lile alilopigia simu.

"Mke wangu ana alama," akasema. "Chini ya ukucha wa kidole gumba. Ni nyeusi, na inapanuka."

Namuria akasogea karibu na simu.

"Hatujaigusa," Lotiir akasema.

Lokuruka alifunga macho. Alipoyafumbua, alimtazama Namuria, halafu akasogeza simu karibu na mdomo.

"Mlete kesho, kaka. Mimi na Namuria tutawapeleka Lodwar."